Vitabu vya mazoezi ya DAT: kipi nichukue, kipi niache?

NdiziNyama_Rau
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo hasa kwa waliopita hii njia. Mi ni wa Moshi, Rau, ila nasoma chuo Marekani kwa skolashipu, nimemaliza mwaka wa pili na sa hivi niko nyumbani likizo mpaka mwezi wa nane. Nataka kwenda kusomea udaktari wa meno nikimaliza digrii kwaiyo DAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya meno vya kule, siukwepi, na nimepanga niufanye mwakani nikiwa kule maana huku haufanyiki, vituo viko Marekani na maeneo yake na Kanada basi. Nikasema likizo hii isiishie kwenye mtori na kulala (mama ana mpango wake kabisa wa kuninenepesha), nianze kusoma mapema.

Shida ni vitabu. Kuna kaka mmoja wa mtaani zamani alikuwa na wazo kama langu akabadilisha akaenda famasi, kanipa kitabu chake kinene cha DAT toleo la 2008, kurasa zote zipo na hakijachorwa sana. Afu juzi nilipanda Arusha nikakuta kwa muuza vitabu mtumba vingine viwili, kimoja biolojia tupu na kingine maswali ya kemia ya oganiki, bei inazungumzika. Na binamu yangu anakuja kutoka Texas hivi karibuni, kanipa nafasi ya kilo mbili kwenye begi lake na kaniambia nisizidishe hata robo. Sasa nauliza, hiki cha 2008 bado kina maana au ni cha kufungia maandazi? Kwenye hizo kilo mbili niagize nini? Na ile sehemu ya maumbo, kukunja karatasi, kuhesabu boksi, mtu anaisomeaje huku maana sijaona hata kitabu kimoja cha hivyo.

Mwana_Himo
Kwani dogo huku kuna shida gani? MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Dar, wanatoa udaktari wa meno miaka mitano, unaingia na matokeo yako ya fomu siksi, PCB yako (fizikia, kemia, biolojia) imekaa vizuri basi, hakuna cha DAT wala cha nini. Unajitesa tu na mitihani ya watu.

NdiziNyama_Rau
Kaka nakuelewa sana ila nishafika katikati ya mto, na skolashipu yenyewe ni ya kule, nikirudi leo naanza sifuri. Tubaki kwenye vitabu tafadhali 😅

DadaSakina
Mdogo wangu hongera na pole kwa pamoja. Mi ni wa Arusha, DAT nimeshaufanya na sa hivi nasomea meno hukohuko Marekani, ngoja nikuandikie vizuri maana nikiona mtu anaanza kwa kununua vitabu nasikia uchungu wa hela kuliko yeye mwenyewe.

Kabla hujatoa hata mia, pakua ule mwongozo wa watahiniwa wa ADA, hao ndio wenye mtihani, chama cha madaktari wa meno cha Marekani. Ni bure. Ndani wameandika mada za kila sehemu. Uprinti kwenye steshenari yoyote, urudi nao Arusha kwa huyo jamaa wa mtumba, ufungue ukurasa wa yaliyomo wa kile kitabu na uweke tiki mada kwa mada palepale umesimama. Atakununia, muache anune. Kitabu ambacho nusu ya mada hazimo hukinunui hata akikupa kwa bei ya chai.

Mtihani wenyewe umekaa hivi: sayansi maswali 100 kwa dakika 90, humo biolojia 40, kemia ya kawaida 30 na oganiki 30. Maumbo maswali 90 dakika 60. Kusoma na kuelewa ni makala tatu, maswali 50, dakika 60. Hesabu 40 kwa dakika 45. Yote ni ya kuchagua, na ukikosea hukatwi kitu kwaiyo hakuna kuacha wazi. Fizikia haimo kabisa, hapo unaruhusiwa kucheka.

Sasa cha 2008. Usikitupe. Biolojia haijazeeka, figo inachuja vilevile, na kemia pia, mole ni mole. Kilichozeeka ni hesabu, vitabu vya zamani vimejaa jiometri na trigonometria ambazo zilishaondolewa, badala yake wakaleta kulinganisha viwango viwili kipi kikubwa, na yale ya kukuuliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu au hazitoshi. Ukifanya hesabu za toleo lile utajiandaa vizuri sana kwa mtihani ambao haupo. Kingine kilichozeeka ni lile jedwali la alama la nyuma, maana kuanzia Machi 2025 alama zinatoka kwa kipimo cha 200 mpaka 600, zamani ilikuwa 1 mpaka 30, kwaiyo kitabu kikikwambia umepata 20 usijue ulie au uchinje kuku.

Hesabu zenyewe usiziogope kama umepita BAM, ile hesabu ya msingi, ile ile BAM tuliyokuwa tunaidharau advansi, probabiliti na takwimu na maneno ya "Juma ana umri mara mbili ya Asha" ndiyo humohumo. Ila kuna kalkuleta ya kwenye skrini ya kubofya na mausi, ya kujumlisha na kuzidisha tu, na iko kwenye hesabu peke yake. Kwenye kemia hakuna! Jedwali la elementi unapewa, kalkuleta hupewi. Sisi tumezoea kalkuleta mkononi kwenye pepa ya kemia toka enzi hizo, kwaiyo kitabu chochote cha kemia utakachofanyia mazoezi kalkuleta iweke juu ya kabati, jifunze kukadiria, 6.02 ifanye 6, songa mbele.

Oganiki ndio usinunue kwa macho. Tuliyosoma fomu siksi yanakusaidia majina, makundi, alkeni na alkoholi na nini, lakini DAT anataka mekanizimu, yani mmenyuko unaendaje hatua kwa hatua, kama zile mbili za SN1 na SN2 na kujua ipi inatokea lini, anataka maumbo ya pande (stiriokemia), anataka kusoma NMR, ile michoro ya vilele ya kutambua molekuli, ambayo mi darasani fomu siksi sikuwahi kuiona. Hicho cha Arusha kikiwa hakina hayo matatu kiache. Na ukumbuke kuna vitabu vya oganiki vinavyosifiwa sana ambavyo vimeandikwa kwa makusudi kuwa vigumu kuliko mtihani, ni vizuri lakini mwishoni, ukianza navyo utafunga ukajiuliza kama kweli Mungu alikuita kwenye meno.

Jambo moja ambalo sioni watu wanalisema: kitabu cha mazoezi pima majibu yake, sio maswali. Chagua mada unayoijua vizuri, tuseme mgawanyiko wa seli, fanya maswali machache afu nenda nyuma usome maelezo. Kama wameandika "jibu ni C" wakanyamaza, hicho ni karatasi tu. Kama wamekueleza kwa nini C na kwa nini D uliyoipenda sio, hapo una mwalimu. Yani bora maswali mia mbili yenye maelezo kuliko elfu mbili yenye herufi. Na usikusanye vitabu vitano vya biolojia, mtu mwenye kishamba Kibosho na Machame na Himo na Marangu kila kimoja anakipita juujuu akiulizwa kavuna wapi hana jibu. Kimoja cha kusomea, kimoja cha maswali, imetosha.

Kilo mbili: agiza kitabu kimoja tu kipya kipya chenye sehemu zote, kwa ajili ya hesabu hasa, toleo la karibuni. Kinachobaki mwambie akuletee chokoleti za mama. Kwa nini? Kwa sababu mtihani ni wa kompyuta, mazoezi mengi mazuri sa hivi yako mtandaoni kwa kulipia mwezi, na ADA wenyewe wanauza mtihani wa mazoezi, huo usiuguse sasa, uweke mpaka ukaribie tarehe yako. Ukiuchoma likizo hii mwakani huna cha kujipimia.

FundiRula
Salaam vijana. Mimi habari za meno sizijui, sijui hata jino la mtoto linatoka lini, ila nimeona hapo "maumbo" nikaingia mtandaoni kuangalia mifano nikacheka peke yangu ofisini. Hii ni drouing! Nilisoma Moshi Tech na kazi yangu mpaka leo ni kuchora, kwaiyo dogo hapo Rau usilie kwamba huna kitabu, kitabu unacho umbali wa daladala moja.

Ile wanayokupa sura mbili za kitu wanataka ya tatu, kwa juu, kwa mbele na kwa ubavuni, ndio projeksheni za othografia tulizochora mpaka vidole vikaota sugu. Mistari ya nukta nukta ni kingo zilizofichika. Tafuta kitabu chochote cha tekniko drouing cha sekondari, vya zamani vya shule za ufundi viko vingi kwa wauza mtumba na hakuna anayevigombania, fanya zoezi zote za sura ya tatu. Lakini angalia sana hapa. Vitabu vyetu vingi vinachora kwa fesi ango, yani sura ya juu unaichora CHINI ya sura ya mbele. Hao Wamarekani ni thadi ango, sura ya juu inakaa JUU, ya mbele chini yake, na ya ubavuni inakaa kulia kwa ile ya mbele. Ukichanganya hizi mbili utakosa maswali yote huku unajiamini kabisa, na hakuna kitu kibaya kama hicho. Kwaiyo kwenye kitabu chochote kwanza tafuta alama ya ile koni iliyokatwa, itakwambia ni mfumo gani, au soma maelezo ya mwanzo.

Na jambo la pili, naona watu wa vitabu hapa mnapenda kutoa kopi. Kwenye biolojia toa kopi, sina neno. Kwenye maumbo usitoe kopi ya kopi. Nukta nukta zinapotea, mstari wa kufichika unageuka kuwa hakuna mstari, na kitabu kinene ukikilaza kwenye mashine karibu na mshono ukurasa unajikunja, pembe zinapinda. Kuna lile swali la kupanga pembe nne ndogo mpaka kubwa, tofauti yenyewe ni kijidigrii, sasa umefanyia mazoezi pembe zilizopinda si unafundisha jicho uongo?

DadaSakina
Shikamoo mzee FundiRula 🙌 hili la fesi ango sikulifikiria kabisa kwa sababu mi drouing sikusoma, ni kweli DAT ni kama ulivyosema, juu iko juu na ubavu kulia.

Naongezea kidogo. Maumbo yako aina sita, maswali 15 kila aina: tundu la kupitishia umbo, hizo sura tatu, pembe, karatasi ya kukunja na kutobolewa, kuhesabu boksi, na karatasi bapa ya kukunjwa iwe umbo. Mbili hapo zinafundishika haraka hata bila kitabu. Ya kutoboa, chora gridi ya nne kwa nne, vimraba 16, weka alama pa tundu afu kunjua kinyumenyume ukipiga kivuli chake kila mkunjo. Ya boksi, wanakwambia boksi zimegundishwa zikapakwa rangi kila upande isipokuwa chini zilipokalia, wanauliza ngapi zina pande mbili zenye rangi, ngapi tatu. Usihesabu upya kwa kila swali! Tengeneza kijedwali sifuri mpaka tano, pita boksi moja moja ukipiga vijiti, afu maswali yote ya umbo lile unayajibu kwa kusoma jedwali. Boksi za sabuni au viberiti na gundi, dada zako wadogo watakusaidia kupaka rangi.

Kwenye kituo hupewi karatasi, unapewa vibao viwili vya plastiki na kalamu za maka. Kwaiyo toka leo usichore ndani ya kitabu. Zoea kuangalia huku na kuchora kule, ni kitu kidogo lakini kinakula sekunde.

Fomu6_Kaloleni
Samahani naingilia dada DadaSakina, mi nimemaliza fomu siksi mwaka huu PCB, matokeo yamekaa vizuri, napenda sana meno. Naweza kufanya huo DAT moja kwa moja nikaenda Marekani? Naona kama mada ninazijua nyingi

DadaSakina
Mdogo wangu usitume hela ya mtu yeyote anayekwambia inawezekana moja kwa moja. Kule meno ni baada ya chuo, vyuo vya meno vinataka uwe umesoma miaka kadhaa ya digrii na masomo ya biolojia, kemia na oganiki ya chuo, wengi wanaingia na digrii kamili. DAT peke yake haifungui mlango. Kwa wewe wa sasa, huku nyumbani ni hiyo MUHAS aliyosema Mwana_Himo, na kwa kweli alichosema sio kibaya kwa mtu ambaye yuko mwanzo. Uingereza wao wanachukua watu toka sekondari ila mtihani wao ni mwingine, UCAT, unafanywa mara moja tu kwa mwaka kati ya mwezi wa saba na wa tisa, na hauna biolojia wala kemia hata swali moja, ni kufikiri na kusoma haraka. Vitabu vya DAT havitakusaidia huko. Mazoezi ya UCAT yako bure kwenye tovuti yao rasmi, na ukinunua kitabu cha mtumba cha UCAT ukute kina sura ya mifumo ya maumbo ya kuotea, ruka, hiyo sehemu waliitoa 2025.

Mwana_Himo
Angalau leo nimesifiwa 😂 Ila jamani hizi gharama za nini wakati PDF zote ziko telegramu bure. Dogo nitafute nikurushie.

NdiziNyama_Rau
Kaka asante ila nilishafungua hizo, moja ilikuwa imeskaniwa kwa simu, kidole cha mtu kimeziba swali, na majibu ni ya toleo lingine kabisa, namba 14 unaambiwa B na swali lenyewe lina chaguo la kuandika. Baada ya alichosema mzee FundiRula kuhusu nukta nukta ndio nimekoma.

Dada DadaSakina nimekuelewa sana. Bado nina swali moja, kusoma na kuelewa. Hapo ndo naogopa kuliko oganiki, sijaona kitabu chake na mi nikisoma haraka naelewa nusu.

DadaSakina
Hapo ndipo vitabu vya mazoezi ni dhaifu kuliko sehemu zote, mimi naona hivyo, makala zao nyingi ni fupi na rahisi kuliko za mtihani. Makala tatu kwa saa moja ni dakika 20 kila moja, na ni makala ya sayansi ambayo hujawahi kuisikia, wanafanya makusudi. Sisi tumefundishwa kusoma ili kukariri, unasoma aya mara tatu kwanza iingie ndio uendelee, kule muda huo hakuna. Kuna wanaosoma swali kwanza wakakimbia kutafuta jibu, kuna wanaosoma yote wakiandika neno moja pembeni kwa kila aya la kuwaonyesha nini kiko wapi. Mi niliishia hiyo ya pili kwa sababu kuna maswali ya mwandishi ana mtazamo gani, hayo hayatafutiki kwa kukimbia. Unao akaunti ya maktaba ya chuo chako kwa mtandao si ndio? Ingia chukua makala za magonjwa ya fizi, floridi, mate, chochote, soma moja kila asubuhi kwenye laptopu ukiwa na saa, na ujiulize maswali mwenyewe. Floridi hasa, wewe mtoto wa huku unajua kwa nini meno ya watu wengi wa kuzunguka Meru na Kilimanjaro ni ya kahawia, ni maji yetu yana floridi nyingi, kwaiyo unasoma ukiwa na hamu. Hata kwenye maombi yako litakufaa hilo ukiulizwa kwa nini meno.

Na jitahidi ufanye kwenye skrini. Kusoma karatasi chini ya mparachichi na kusoma skrini dakika sitini bila kuinua macho ni vitu viwili tofauti.

FundiRula
Dogo kama drouing bodi huna nitakuazima, nina ya zamani na tii skwea yake. Kila ukishachora sura tatu, chukua kisu na kipande cha sabuni ya mche ulichonge umbo lenyewe ulione kwa mkono.

DadaSakina
Mzee umenichekesha, Kanada mtihani wao wa meno zamani ulikuwa na kipande cha kuchonga sabuni kweli kweli, walikuja kukiondoa. Umezaliwa mapema tu.

NdiziNyama_Rau
Mzee FundiRula shikamoo peke yake haitoshi, nitakutumia ujumbe kesho. Basi nimeamua: cha 2008 nabaki nacho kwa biolojia na kemia, sura ya hesabu naibana na kibanio nisiione, binamu analeta kimoja kipya, oganiki ya Arusha nairudia na mwongozo mkononi nikakague SN1 na NMR. Na cha biolojia cha yule jamaa sichukui, nikiwa na kile cha zamani kinatosha.

Fomu6_Kaloleni
Hicho cha biolojia kaka kama hukitaki unielekeze alipo, nataka tu nisome nikisubiri vyuo

NdiziNyama_Rau
Nakutumia inbox alipo. Ila ukifika kwake sema unatafuta kitabu cha bios cha advansi, usitaje DAT wala Marekani, akisikia Marekani tu bei inapanda papo hapo.